Mteja Atwange Mwenyewe

Kijiji cha Materuni kimekaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na mibuni. Wageni hupanda huko kutazama maporomoko ya maji, na wakishuka hukaribishwa kwenye kibanda cha kahawa. Hapo hakiletwi kikombe, kinaletwa kinu. Mgeni anashikishwa mchi, buni zilizokauka zinamiminwa, wenyeji wanaanza kuimba na kupiga makofi, na baada ya dakika chache mtu aliyekuja na kamera shingoni anagundua kwamba mchi ni mzito na wimbo haumsubiri mtu. Akichoka, anapokewa. Ganda likishatoka, buni zinapepetwa kwenye ungo, zinakaangwa juu ya mafiga mpaka moshi unawatoa watu machozi, zinarudi kinuni zikatwangwe ziwe unga, ndipo zinachemshwa na kuchujwa. Kahawa inapofika mdomoni muda mrefu umeshakwenda, na hakuna anayelalamika kwamba amecheleweshewa.

Hesabu yake inafaa kutazamwa. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutoa vikombe karibu 100, ukikadiria gramu 10 kwa kikombe. Mgeni wa Materuni amekunywa viwili, pengine vitatu, na kwa asubuhi hiyo amelipa fedha ambazo mkulima hazipati mpaka auze kilo kadhaa za kahawa yake. Wachaga wamelima zao hili tangu enzi za Wajerumani; chama chao cha ushirika, KNCU, kilianza mwaka 1933 na ni miongoni mwa vyama vikongwe vya aina hiyo barani Afrika. Kwa sehemu kubwa ya muda huo kahawa ilikuwa kitu cha kupimwa, kutiwa guniani na kupelekwa mnadani, bei ikapangwa na watu walio mbali. Mibuni ni ileile. Kilichoongezeka ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa uani bila mtu kuijali sasa ina watazamaji, na watazamaji wenyewe ndio wanaoifanya.

Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Joseph Pine na James Gilmore, waliandika katika jarida la Harvard Business Review makala iliyolipa jambo hili jina: uchumi wa tajiriba. Walieleza historia ya biashara kwa kutumia keki ya siku ya kuzaliwa. Zamani mama alinunua unga, sukari, siagi na mayai, akaoka mwenyewe kwa gharama ndogo. Baadaye akanunua pakiti ya unga uliochanganywa tayari. Kizazi kilichofuata kikaagiza keki kwa mwokaji, kwa bei iliyozidi ile ya pakiti mara kumi. Na sasa mzazi anamlipa mtu aandae sherehe nzima, michezo, mapambo na kelele zake, na keki yenyewe mara nyingi inatolewa bure. Yeyote aliyewahi kulipia sherehe ya mtoto Dar es Salaam au Nairobi anaijua ngazi hiyo bila kusoma jarida lolote. Katika kitabu kilichofuata mwaka 1999 walirudi kwenye kahawa: ikiwa shambani, kahawa ya kutosha kikombe kimoja ina thamani ya senti moja au mbili za dola, lakini katika Caffè Florian, mkahawa wa Venice uliofunguliwa mwaka 1720, kikombe hichohicho kinaweza kupita dola kumi, na mteja anaondoka ameridhika.

Tatizo ni namna somo hili linavyoeleweka na wenye biashara ndogo. Wengi wakisikia kwamba mteja anataka kuburudishwa, wanafikiria rangi, taa za kuning'inia, makochi mapya na ukuta wa maua ya plastiki wa kupigia picha. Wanakopa. Miezi sita baadaye maua yamepigwa vumbi, mkopo bado upo, na jirani amebandika ukuta uleule. Swali la kuanzia lilipaswa kuwa jingine kabisa: mteja huyu akifika kwao jioni, atasimulia nini kwa sentensi moja? Aliyetoka Materuni anayo sentensi yake: nimetwanga kahawa yangu mwenyewe nikainywa. Aliyeketi mbele ya maua ya plastiki ana picha tu, na picha kama hiyo wanayo watu elfu.

Unguja wamelijua hilo kwa miongo kadhaa. Katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, nje kidogo ya mji, mwongozaji hatoi hotuba. Anachuma jani, analifikicha kiganjani, analipitisha puani mwa wageni na kuuliza: ni nini hiki? Mmoja anasema limau, mwingine sabuni, na jibu ni mchaichai. Anakwangua gome, watu wanasema pipi, na kumbe ni mdalasini. Iliki inawashangaza kwa kujificha chini karibu na udongo. Kungumanga inapasuliwa, na ndani yake basbasi inaonekana nyekundu kama wavu uliochovywa rangi. Wakati huohuo vijana wanasuka makuti mabichi, na kufikia nusu ya ziara mabwana wamevishwa kofia na tai za makuti na mabibi wamepewa vikoba. Mkwezi anapanda mnazi huku akiimba, madafu yanaanguka.

Ukiitazama ziara hiyo kwa jicho la biashara, mali ghafi yake ni majani. Mwongozaji hajanunua kitu. Ametumia mchezo wa kukisia, ambao mtoto yeyote anaujua, na historia ya kweli iliyo chini ya miguu yake: mikarafuu iliyoletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, ikaifanya Zanzibar mwuzaji mkubwa wa karafuu duniani, kisha dhoruba ya mwaka 1872 ikaing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba uongozi wa zao hilo. Mgeni anakisia, anakosea, anachekwa, anaambiwa. Kosa lake mwenyewe ndilo linalomfanya akumbuke.

Lakini ziara hizo zina udhaifu mmoja, nao uko mwishoni. Baada ya saa mbili za harufu na vicheko, wageni hufikishwa kwenye meza ya vipakiti. Hapo sauti inabadilika. Bei zinatajwa juu, msukaji wa kofia anasubiri bahashishi, mkwezi naye, na kati ya vipakiti kuna kilichoandikwa zafarani ingawa zafarani halisi haistawi katika joto la Unguja. Mgeni anayegundua hilo akiwa kwao hasimulii tena habari za mchaichai.

Mwisho una uzito kuliko tunavyodhani, na hilo limepimwa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watie mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Kisha wakawafanyia jaribio la pili: sekunde 60 zilezile, halafu sekunde 30 za ziada ambazo maji yalipashwa kidogo kidogo hadi nyuzi 15, bado baridi, ila nafuu. Walipoulizwa ni jaribio lipi wangependa kulirudia, wengi wao walichagua lile refu. Waliteseka muda mrefu zaidi na bado wakaona afadhali, kwa kuwa liliisha vizuri. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Inachukua kilele na mwisho, mengine inayatupa.

Kwa mwenye duka au mgahawa maana yake ni nzito. Mwisho wa ziara ya mteja ni bili, chenji na mlango. Nazo ndizo sehemu zinazoachwa zijiendee zenyewe: mhudumu aliyekuwa mchangamfu wakati wa kuagiza haonekani wakati wa kulipa, chenji haipo na badala yake zinatolewa peremende, mlinzi anamkoromea mtu kuhusu alipoegesha gari. Mwenye biashara akiwa na fedha ya kutengeneza sehemu moja tu, angeanzia hapo kabla ya kununua taa.

Zipo biashara zilizoupata mvuto wao kwa kitu kimoja kidogo. Mfano unaotajwa sana ni Magic Castle Hotel ya Los Angeles. Ni jengo la ghorofa mbili lililokuwa la nyumba za kupanga, limepakwa rangi ya njano, na bwawa lake la kuogelea ni la kawaida kabisa. Karibu na bwawa ukutani kuna simu nyekundu. Mtoto akiinua mkono wa simu, anajibiwa na mtu wa lambalamba; anataja ladha anayotaka, na baada ya dakika chache mhudumu mwenye glavu nyeupe anatokea na lambalamba juu ya sinia la fedha, bure. Ndugu wawili, Chip na Dan Heath, waliifanya hoteli hiyo mfano mkuu katika kitabu chao cha mwaka 2017 kuhusu nyakati zinazokumbukwa, wakionyesha jinsi ilivyokuwa ikipewa alama za juu na wageni kuliko hoteli za kifahari za mji huo. Gharama ya lambalamba ni ya kuhesabu kwa senti. Glavu na sinia ndivyo vilivyobeba mzigo wote.

Zanzibar nako kuna simu yake, na haijagharimu hata senti za lambalamba. Katika Mji Mkongwe, kwenye makutano ya vichochoro yanayoitwa Jaws Corner, ambapo wanaume hukaa barazani kunywa kahawa chungu na kubishana siasa na mpira, kuna simu ya zamani iliyobandikwa kwenye nguzo pamoja na maandishi ya Kiingereza yanayoahidi kupiga nje ya nchi bure. Haiendi popote. Mtalii anaishika, anapigwa picha, wazee wanacheka kwa mara ya elfu, na kwa kuwa ameshasimama, ananunua kahawa. Wataalamu wa masoko wangetoza pesa nyingi kubuni kitu kama hicho, na pengine wangekiharibu kwa kukiunganisha na intaneti.

Muuza kahawa mwenyewe wa Pwani ni darasa. Ana dele lenye makaa chini, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata au halua pembeni. Anapopita mitaani hasemi neno. Anagonganisha vikombe mkononi, na mlio huo unatangulia kona mbili mbele yake. Muuza urojo anamwachia mteja atunge bakuli lake: kachori ngapi, bhajia, viazi, yai, mishkaki, chipsi za muhogo juu, pilipili kiasi gani. Kwenye bucha za nyama choma za Kenya mteja anaonyesha kwa kidole kipande kinachoning'inia, anashuhudia mizani, na nyama ikiiva inakatwakatwa mbele yake juu ya ubao wa mti, chumvi na kachumbari kando. Watu hawa wote wanauza tamasha dogo bila kuliita hivyo, na jambo la kusikitisha kidogo ni kwamba wengi wao wakipata mtaji wa kufungua mgahawa wenye kuta, kitu cha kwanza wanachokificha ni kile kilichowavuta wateja. Jiko linapelekwa nyuma. Nyama inakatiwa ndani. Mteja anapewa menyu yenye plastiki na kuambiwa asubiri.

Aliyeelewa jambo hili mapema ni mwenye Carnivore, mgahawa uliofunguliwa kando ya barabara ya Langata, Nairobi, mwaka 1980. Leo si biashara ndogo hata kidogo, ila ubunifu wake uliokumbukwa zaidi duniani ni wa karatasi. Nyama huchomwa kwenye shimo kubwa la mkaa mlangoni, ikiwa imechomekwa kwenye panga za Kimasai, na wahudumu huizungusha mezani wakimkatia mteja papo hapo, tena na tena bila kuulizwa. Katikati ya meza kuna kibendera cha karatasi. Kikisimama, nyama inaendelea kuja. Mteja akishindwa, anakilaza, kama jeshi linalosalimu amri, na watu wa meza ya jirani wanaona. Kula kumegeuzwa pambano. Hapo mwanzo sifa ya mgahawa huo ilikuwa nyama ya wanyamapori. Kenya ilipozuia uuzaji wa nyama hiyo katika muongo wa 2000, ilibaki mifugo ya kawaida pamoja na mbuni na mamba wa kufugwa. Kibendera hakikuguswa na sheria yoyote, na wateja waliendelea kuja kukilaza.

Upande wa pili wa habari uko kwenye Planet Hollywood, kampuni ya migahawa. Ilifunguliwa New York mwaka 1991 kwa nguvu za waigizaji kama Sylvester Stallone, Bruce Willis na Arnold Schwarzenegger, ikaenea katika miji mingi, kuta zikajaa mavazi na silaha za kwenye filamu. Mwaka 1999 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwemo kupanuka haraka mno, lakini moja iliyo wazi kwa mlaji yeyote ni kwamba ukishaliona koti la mwigizaji mara moja umeliona, na chakula hakikuwa cha kumrudisha mtu. Wageni walikuwa wakitazama ukuta. Hapakuwa na cha kufanya.

Mazingira yanaweza kumfanyia mwenye biashara kazi ambayo pesa haiwezi. Katika pwani ya Pingwe, mashariki mwa Unguja, kuna mgahawa mdogo uitwao The Rock uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa, wateja wanavuka kwa miguu mchangani. Yakijaa, wanaletwa kwa mashua. Kwa kuwa saa ya maji husogea karibu dakika 50 kila siku, waliokula chakula cha mchana siku mbili tofauti wanaweza kubishana kabisa kuhusu sehemu ileile, mmoja akidai alikwenda kwa miguu na mwingine akiapa kuwa ilikuwa lazima upande chombo. Hakuna mshindani anayeweza kulinunua jiwe hilo wala kuuiga mwezi. Na si lazima liwe jiwe. Barabara ya Biashara mjini Mombasa, duka la Kaderdina limeuza kanga kwa vizazi, na wanunuzi wa leso hawaanzii kwenye rangi. Wanaanzia kwenye jina. Kanga inakunjuliwa, maneno yanasomwa kwa sauti, wanawake wanatazamana, mmoja anaguna, na kila aliyepo anajua ni jirani au wifi gani atakayeletewa ujumbe huo. Muuzaji mwenye busara hulisoma jina na kunyamaza.

Tuseme fundi cherehani wa Tanga au msusi wa Kigamboni anataka kujaribu. Aanze na kazi aliyonayo, atafute hatua moja ambayo mteja huwa amekaa tu akisubiri, amtie ndani. Fundi anaweza kumwachia mteja akate mwenyewe kipande cha kwanza cha kitambaa, mkasi ukiwa umeshikwa na wawili. Msusi anaweza kuwa na ukuta wenye picha za mitindo ya zamani, kila mmoja na jina lake la mtaani, na mteja akachagua kwa jina badala ya kuonyesha simu. Mambo ya namna hii yanajaribiwa Jumamosi moja kwa mteja mmoja, na yakichosha yanaachwa bila hasara. Kinachoshinda wengi si ubunifu, ni kuendelea. Simu nyekundu isiyojibiwa mara tatu mfululizo ni mbaya kuliko kutokuwa na simu, na mfanyakazi aliyeshurutishwa kuimba anaonekana usoni hata na kipofu.

Sheria nayo ipo. Muziki unaopigwa kwenye biashara mbele ya wateja unahitaji leseni ya hakimiliki, Kenya na Tanzania pia, na wakaguzi wanajua kuingia saa ya msongamano. Sura ya mchezaji maarufu au mhusika wa katuni iliyochorwa ukutani ni mali ya mtu. Wachoraji wengi wa mitaani hawalijali hilo, na kwa kawaida hakuna anayewafuata, mpaka siku biashara ikikua na kuonekana.

Hata hivyo, pale sheria na mapambo vilipogombana hasa ni juu ya magurudumu, katika nganya za Nairobi, yaani matatu zilizopambwa. Matatu ni biashara ndogo kwa maana halisi ya neno: mwenye gari mmoja au wachache, dereva, makanga (kondakta), na hesabu ya kila siku jioni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikidaiwa, na kuanzia hapo ushindani ukawa mkali. Njia moja, nauli moja, magari mengi. Abiria atapanda lipi? Jibu la vijana lilikuwa muziki, rangi na jina. Kufikia miaka ya 1990 gari la Eastlands lilikuwa na dhamira nzima, kuanzia boneti mpaka dari: mwanamuziki mmoja, timu moja, filamu moja, na kila mchoro ukiitikia mwingine.

Februari 2004 John Michuki, waziri wa uchukuzi, aliyafuta yote kwa kanuni zinazobeba jina lake mpaka leo. Mikanda kwa kila abiria, vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Michoro ikafunikwa rangi moja. Watu wengi walishukuru, na haki yao, maana magari hayo yalikuwa yakiua. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba michoro irudi, akiiona kuwa ajira kwa vijana, na gereji za kuunda bodi zikafurika tena. Kamba ya sheria imelegezwa na kukazwa mara kadhaa tangu wakati huo, ikiwemo msako mkubwa wa Novemba 2018.

Nganya ya leo ni basi la abiria thelathini na kitu, lililoundwa juu ya chesisi ya lori jepesi, kwa gharama ya shilingi milioni kadhaa za Kenya. Fundi wa bodi, mchoraji, mtu wa taa, mtu wa spika na mtu wa skrini wanakaa pamoja kabla bati halijakatwa, kwa sababu jina likishachaguliwa kila kitu kinalifuata. Siku gari linapotoka gereji, vijana hulisubiri barabarani kwa kamera. Kwenye njia za Rongai, Umoja au Buruburu, mwanafunzi ataacha magari matatu yenye nafasi yampite, akasimama juani akingoja lile moja, tena akalipa zaidi. Anayemweka ndani ya hadithi hiyo si mchoro peke yake. Ni makanga anayening'inia mlangoni, anayemjua kwa jina, anayebadilisha wimbo basi likikaribia steji ili lifike likiwa kwenye kibwagizo. Mara nyingi abiria anashuka gari likiwa bado linatembea, kwa mtindo wake mwenyewe, kwa sababu wenzake wanatazama. Polisi hawapendi. Yeye anaona huo ndio ustadi wenyewe.

Upande wa abiria mwingine, mama mwenye mtoto mgongoni na kiroba cha sukuma wiki, gari hilohilo ni kelele, giza na dereva anayepanda kando ya barabara. Huyo husubiri lile la kimya. Nganya haikutengenezwa kwa ajili yake, na wenye magari wanalijua hilo vizuri. Dhamira inayochagua mteja inamkataa mwingine, na anayetaka kuwafurahisha wote wawili huishia na gari lenye spika kubwa zilizozimwa.

Halafu kuna muda. Nganya haiwi moto milele. Jina jipya likiingia njiani, vijana wanahama ndani ya wiki chache, na mwenye gari ana njia tatu: alirudishe gereji likapakwe upya na kubatizwa jina jingine, aliuze kwa mtu wa njia isiyo na ushindani, au aliondolee spika libebe watu wa kawaida kwa nauli ya kawaida. Ya kwanza ndiyo ghali na ndiyo inayolipa. Wazoefu wa biashara hii huanza kuweka kando pesa ya rangi ijayo kutoka kwenye hesabu ya wiki ya kwanza, wakati foleni ya wapiga picha bado ipo steji.